Kufuli la Bula Girisi

Haya, jamaa zangu wa barazani, mmeshinda. Tangu nirudi Mombasa sijapata kumaliza kikombe cha kahawa pasipo mmoja wenu kunivuta kanzu, "Ehe, ikawaje huko?" Nimechoka kuhadithia vipande vipande, leo kwa Salimu, kesho kwa Omari, kisha mkikutana mnabishana kwa maneno yangu mwenyewe. Nimekaa nikaandika yote. Asiyeamini aende mwenyewe, nauli ni yake.

Chanzo mnakijua, kwa kuwa ni ninyi. Nilisema nimepata kusikia kwamba huko kaskazini, mbele ya Garissa, palizuka mji uitwao Bula Girisi, yaani mtaa wa girisi, kabla ya vita vya Mtaliano kwa sababu Wazungu fulani walidhani chini ya mchanga mna mafuta. Mji wenye tanuri la mikate na santuri, ukavuma, kisha ukafa mara moja. Mkanicheka mpaka mwenye kahawa akaacha kumimina. Nami nikaapa kwamba likizo ya skuli ninayofundisha ikifika nitakwenda kuikusanya historia ya mji huo kutoka vinywani mwa waliouona. Habari za vibali naziruka. Zilinichosha kuzipata, zitawachosha kuzisoma.

Garissa, tukingoja kitanda

Garissa nilifika nimejaa vumbi hadi kwenye kope, lakini moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilishapata lori la kunipeleka mbele, na lori lilikuwa tayari kuondoka. Lilikuwa tayari asubuhi, likawa tayari adhuhuri, na alasiri likawa bado tayari. Tulikuwa tunangoja kitanda. Bibi harusi mmoja wa Wajir alikuwa amenunuliwa kitanda cha besera, na fundi alikuwa hajamaliza kukipaka rangi.

Dereva aliitwa Dheere, maana yake mrefu, na hakuna jina lililopata kumkaa mtu sawasawa kama hilo. Akiendesha, magoti yake yalipanda yakakaribia masikio. Alinikuta nimekaa kivulini pa lori, akachutama mbele yangu, akasema kwa Kiswahili cha huko, ambacho P mara nyingi hugeuka B.

"Maalim, wewe nakwenda Bula Girisi kufanya nini? Habana duka, habana mkate. Iko mbuzi na kelele tu."

Nikamwambia ukweli. Nataka kujua mji ule ulianzaje. Nani alifika kwanza, nani alichimba, nani alimkuta nani.

 Dheere akainuka, urefu wake wote, akaniamkia upya kwa mikono miwili, "Assalaam aleikum," kana kwamba ndio kwanza tunaonana. Akamshusha mtu mmoja kutoka kiti cha mbele, akaniweka mimi. Pia akamkimbilia dereva wa lori jingine lililokuwa linaondoka, wakasemezana kwa Kisomali huku wananisonta kidole. Mimi nikavimba kichwa. Nikasema moyoni, tazama watu wanavyoheshimu elimu! Barazani kwetu ningepewa nini? Kicheko.

Kitanda kikaja, rangi mbichi. Kila aliyepanda nyuma ya lori alishuka na mistari ya kijani mgongoni.

Njia ya Modogashe, na babu zangu waliopotea

Barabara sitaisimulia, kwa kuwa sikuiona. Kulikuwa na mchanga, na mahali pengine kulikuwa na mchanga zaidi. Lori likizama tulishuka wote, tukachimba, tukasukuma, tukapanda, likazama. Nilisukuma nikicheka. Sijui nilikuwa nacheka nini, lakini hewa ya kule ni kavu na nyepesi, inamlevya mtu wa pwani. Twiga alisimama kando akatutazama muda mrefu, kisha akaondoka bila haraka.

Modogashe tulipumzika kwenye hoteli ya chai. Nililetewa anjera moto, mikate yao myembamba kama chapati za maji, zimelowa samli, na bakuli la nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa ndogo ndogo ikakaangwa ikahifadhiwa kwenye samli. Wallahi, Omari, ungeilia hata ukaisahau biriani ya shangazi yako. Nilikuwa na tonge mdomoni wazee waliokuwa kwenye mkeka wa pili waliponigeukia.

"Jina yako?"

"Athumani."

"Baba?"

"Mbwana."

"Baba yake?"

"Shee."

"Baba yake?"

Hapo nikameza. Babu wa baba nilimjua kwa jina la utani tu, na jina lenyewe si la kutajwa mbele za watu wakila. Nikasema, "Basi, ndio hao."

 Yule mzee mwulizaji akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimesahau, akaniambia nisione haya, ninywe chai nikumbuke. Ili kunisaidia akaanza wake. Akatiririka, huyu mwana wa huyu mwana wa huyu, babu juu ya babu, mpaka nikadhani atafika kwa Nabii Nuhu, na wenzake wakimwitikia. Alipomaliza akanitazama mimi. Mimi nikatazama anjera. Akatikisa kichwa, akaniagizia chai nyingine, ya huruma.

Dheere ndiye aliyefurahi. Alisimama katikati ya hoteli akatangaza, "Mzuri sana! Huyu mtu hana mtu! Kutoka hapa mbaka bahari hana ndugu, hana shemeji, hana adui. Hana mtu kabisa!" Watu wakanipa mkono kwa zamu, wakinipongeza. Nilihisi uchungu kidogo. Si jambo dogo kupongezwa kwa kukosa ukoo, na nilipanda lori nimenuna mpaka nilipopewa tende.

Bula Girisi, na chakula cha pande mbili

Jamani, mji upo. Upo! Ubishi uishe leo. Tulipotokea kwenye kichaka niliona tanuri la matofali, bomba lake limesimama, na mbuzi mweupe amesimama juu ya bomba. Niliona ghala kubwa la kampuni ya wale Wazungu, kuta za mabati, paa hakuna, na sakafu ya saruji. Mapipa ya mafuta yalikuwa yamepasuliwa yakawa hori za kunyweshea ngamia. Nilipiga ukelele. Nilimkumbatia Dheere, yaani nilikikumbatia kiuno chake, maana huko ndiko nilikofikia.

Wenyeji walikuwa wametoka kunilaki wote, jambo lililonishangaza. Na walikuwa wamesimama mafungu mawili, na kati ya mafungu kuna uwazi ambao hata mbuzi hawakuukanyaga. Mbele ya fungu la kulia alisimama mwanamume wa makamo, ndevu zimepakwa hina, shingoni kamba yenye ufunguo mkubwa. Huyu ni Haji Bashir, aliyekuwa nyapara wa kampuni enzi hizo. Mbele ya fungu la kushoto alisimama mwanamke mwenye birika mkononi na sauti iliyofika kabla yangu. Huyu ni Faduma. Aliwahi kuuza chai kambini, na Kiswahili chake alikipata huko.

Dheere akashusha mzigo wangu katikati hasa ya uwazi, akageuza lori, akaenda zake Wajir na kitanda.

Usiku ule nilikula kwa Haji Bashir wali na mbavu za mbuzi. Nikashukuru, nikapangusa mikono, nikataka kulala. Mara wakaja kunichukua, nikapelekwa kwa Faduma, nikakuta anjera na mguu wa mbuzi. Nikasema nimeshiba. Watu wake wote wakakunja uso, na mmoja akauliza kwa Haji nimekula kiasi gani. Nikala. Asubuhi maziwa ya ngamia upande huu, bakuli. Maziwa ya ngamia upande ule, bakuli sawasawa. Aliyekunywa maziwa ya ngamia kwa mara ya kwanza, mabakuli mawili, anajua yaliyofuata, na asiyejua simwambii. Nilirudi kutoka vichakani nikiwa nimekonda, nikakuta chakula cha mchana pande zote mbili.

Kitu kimoja tu kilinitia mashaka. Nyama ilikuwa tele lakini maji hayakuwepo. Faduma alinimiminia chai nusu kikombe, yeye mwenyewe hakunywa, na alipodhani sitazami alikipangusa kikombe kwa kidole akakilamba. Mbuzi wake walilala ubavu mchana kutwa. Hapo ndipo nilipomuuliza, "Mama Faduma, maji mnateka wapi?"

"Bunda nakwenda mbali, narudi kesho yake," akasema. "Kisima iko hapa. Wewe hujaona? Si ndiyo wewe nakuja kuifungua?"

Nikamwambia mimi nimekuja kwa ajili ya historia.

"Ndiyo," akasema. "Historia. Nani nalichimba."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Nyuma ya ghala kuna kisima kilichochimbwa kwa mkono enzi za kampuni, kimejengewa mdomo wa saruji na kifuniko cha chuma chenye kufuli. Kwa desturi ya kwao kisima ni cha aliyekianza kwa mikono yake, na warithi wake, na kinaitwa kwa jina lake. Faduma anasema aliyekianza ni marehemu mumewe, Abdi. Haji Bashir anasema kimechimbwa na kampuni, naye ndiye nyapara, na Mzungu alipoondoka alimwachia yeye ufunguo. Miaka ya mvua hakuna aliyejali, wote walichota. Mwaka huu mvua imekosa, Haji akataka ngamia wake wanywe kwanza, Faduma akapeleka shauri kwa wazee. Wazee wakaamua kufuli lifungwe, asichote mtu yeyote, mpaka apatikane mwamuzi asiye na damu na upande wowote. Wamemtafuta, hawakumpata, kwa sababu kule kila mtu ni shemeji wa mtu. Ndipo habari ikaja na lori kwamba kuna maalim kutoka bahari, anauliza nani alichimba kwanza, na Dheere aliponishusha akaongeza kwamba maalim huyo hana mtu.

"Lakini mimi niliuliza kwa kupenda tu," nikasema.

Faduma akacheka, cheko la kweli. "Hakuna mtu nauliza hiyo kwa kubenda. Hiyo maneno ni ya kisima." Kisha akaacha kucheka. "Maalim, mbuzi yangu habiti wiki ingine. Na mimi sitaki mbuzi tu. Abdi hana mtoto ya kiume. Jina yake iko hapo chini ya chuma."

Nilitaka kukimbia. Nilitazama barabara yote, hakukuwa na lori. Tumboni nilikuwa na mbuzi wa pande zote mbili.

Kwenye sakafu ya saruji

Baraza liliketi ndani ya ghala lile, kwenye saruji, jua likiingia kwa juu. Mzee aliyeongoza alifungua kwa Fatiha, akanikaribisha niseme.  Nitahukumu nini mimi, ninayeshindwa kuwaamua ninyi nani alipe kahawa? Nikaona heri nipate angalau kile nilichokijia, kisha waniue. Nikasema, "Kabla ya shauri, nisimulieni mji. Nisimulieni ulivyokuwa."

Wakatazamana. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Iko santuri."

Basi! Ilikuwa kana kwamba nimefungua zizi. Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Santuri ilikuwa na sahani moja tu, mwanamke analia kwa lugha ya Kizungu, na ngamia wakiisikia walikimbia, ikabidi iwe inapigwa wakiwa malishoni. Kulikuwa na mwokaji kutoka kwetu pwani, mnene, aliyeoka mikate ya boflo, watu wakaibeba mpaka Wajir kuionyesha kwa jamaa zao, ikafika migumu wakaifanya mito. Kulikuwa na duka la soksi. Viatu hakuna, soksi tu, na vijana walizivaa pekupeku mchangani, wakizivuta juu kila hatua mbili. Mashine ya Wazungu iligonga ardhi usiku na mchana, du, du, du, na watu walikuja kutoka Mandera, kutoka Isiolo, kila mmoja akachimba shimo lake nyuma ya kibanda, kila asubuhi anaonja udongo anatema. Mjanja mmoja akauza lami kwenye chupa akisema ndiyo mafuta yenyewe, watu wakajipaka nywele. Zilitoka kwa wembe.

Nilicheka mpaka nikalala chali. Na wao walikuwa wanacheka, fungu la kulia na la kushoto, na ule uwazi katikati ulikuwa umejaa watu waliosogea ili wasikie. Nikauliza tu, kwa ulafi wa kutaka zaidi, "Siku ya furaha kuliko zote ilikuwa ipi?"

Haji Bashir akainuka. Mtu huyu, jamani, amezaliwa kusimulia. Akakunja mikono ya kanzu.

"Mimi nasema. Siku ile kambi haina maji. Maji nakuja na lori, na lori imekufa njiani. Mzungu nanunua maji ya kunyoa ndevu! Sasa Abdi, Allah amrehemu, anachimba hapo nyuma peke yake. Kambuni hajamwambia. Mzungu nabita, nacheka, nasema, 'Hapo hakuna kitu, kichwa yako mbovu.' Mimi namwonea Abdi huruma, nashika kamba, yeye nashuka. Nashuka, nashuka. Mara nasikia kelele huko chini, 'Bashir! Nitoe! Miguu yangu nalowa!' Na Abdi ni mtu ya mzaha, nyinyi najua. Mimi nakaa juu nasema, 'Wacha uongo, Abdi, wewe nakojoa!' Yeye nasema, 'Wallahi maji!' Mimi nasema, 'Kojo!' Nacheka, nacheka, mbaka kamba karibu natoka mkononi, na yeye huko maji nafika magoti, natukana babu yangu wote, moja moja, mbaka babu ya kumi na—"

Hakumaliza. Ghala zima lilikuwa limeanguka kwa kicheko. Wazee waliangukiana mabegani. Faduma alikuwa amejifunika uso kwa shuka, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani yote.

Kisha kicheko kikapungua, kidogo kidogo, kama watu wanaoamka. Haji Bashir bado alikuwa amesimama mikono juu, ameshika kamba isiyokuwepo.

Mzee wa baraza akamuuliza taratibu kabisa, "Bashir. Nani alikuwa chini?"

Haji akashusha mikono. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanitazama mimi kwa chuki, nikajikunyata.

"Abdi," akasema.

"Na kambuni?"

"Kambuni ilikuja kesho yake na saruji."

Akaivua ile kamba ya shingoni.

Kufuli

Msidhani lilifunguka. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na ufunguo ukakwama humo ndani, hauendi mbele wala nyuma. Mji mzima umeitwa kwa girisi na hakuna aliyekuwa na hata tone la girisi. Faduma akaleta samli. Wakalimiminia samli nzuri, ile ya kutoa machozi, mpaka kufuli likanukia kama sufuria ya harusi, na Haji Bashir mwenyewe akazungusha, mshipa wa shingo umemtoka. Likalia, ka! Kifuniko kikainuliwa na watu wa mafungu yote mawili.

Vijana walishuka ndani, wakasimama kwenye ngazi za mawe mmoja juu ya mwingine, wakaanza kupandisha ndoo za ngozi mkono kwa mkono, wakiimba. Maji yakamwagika kwenye hori. Faduma alikuja na mbuzi wake, wengine wamebebwa. Walipoinamisha shingo kunywa, nilishindwa kujizuia, nikalia mbele za watu, mtu mzima na masharubu.

Mbuzi walipotosheka Faduma akageuka akaita kwa ile sauti yake, "Nani nalishika kamba?"

Haji Bashir akainua kichwa.

"Nakunywesha wa bili," akasema Faduma. "Leta ngamia, wewe mwongo."

Na zamu ikapangwa hivyo, baada yao wengine wote. Mzee wa baraza akatangaza kwamba kisima kina jina tangu leo, kinaitwa El Abdi, yaani Kisima cha Abdi, na kila aliyesimama pale akalitamka mara moja ili liwe limesemwa. Nami nikalitamka.

Jioni nilimfuata Haji alipokuwa na ngamia wake. Nilimuuliza kama hakujua hadithi ile ingempeleka wapi. Akakuna ndevu.

"Nilijua kwa kati," akasema. "Lakini Maalim, hiyo hadithi nzuri sana. Mimi naikata wabi?"

Asubuhi, nikingoja lori

Siku zilizobaki nilizila. Nilipewa jina, Mtu wa Hana Mtu, na sikuvunjika moyo tena. Nilikusanya habari za mji mpaka penseli ikawa ndogo ya kutoshikika, na safari hii mlo ulikuwa mmoja, pande zote kwenye sinia moja.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekaa na Faduma na Haji Bashir kisimani, tunakunywa chai, vikombe vimejaa. Akaja mtu kutoka upande wa Bute, mbali huko kaskazini, na ngamia wengi, wamechoka, vumbi tupu. Hapakuwa na mtu pale anayemjua. Akasimama mbali, kama ilivyo adabu yao, akaegemea fimbo yake, akapaza sauti kwa Kisomali. Mimi Kisomali changu ni kidogo, lakini maneno mawili ya mwisho niliyapata bila taabu. Alikuwa anauliza kama hapa ndipo El Abdi.

Faduma, ambaye sikupata kumwona akikosa neno hata mara moja, aliweka birika chini.  Yule mtu akadhani hakusikika, akauliza tena, kwa nguvu zaidi, jina likaenda mpaka kwenye mabati ya ghala.

"Haa," akajibu Faduma mwishowe. Hiyo ni ndiyo. Akajifuta macho kwa pembe ya shuka, akasimama, na sauti yake ikamrudia yote. Akamwambia, na Haji Bashir alinitafsiria akicheka, "Ndiyo, hapa ndipo kwa Abdi, karibu, na usisukume, kuna zamu."